Msamba wa Nikodemo

Nikodemo Mgimba alikuwa mlinzi wa ghala la chama cha ushirika hapa Makambako mpaka chama kilipokufa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kulinda magunia ya mahindi, na hata hiyo aliifanya huku amelala. Ghala lilipofungwa na watumishi wakapunguzwa, wenzake walirudi kulima, wengine wakaanza kuuza mitumba kando ya barabara. Yeye alipanda treni kwenda Dar es Salaam. Akakaa huko kipindi cha mvua moja, akarudi na viatu vya raba, na akatutangazia kwamba sasa tumwite Mwalimu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufungua duka la dawa ukiwa hujui kusoma lebo. Kila chumba chenye umeme kilikuwa kibanda cha video, na kwenye video Wachina walikuwa wanaruka juu ya mapaa na kukaa msamba hewani. Vijana wa stendi walitoka humo wakirusha mateke kwenye nguzo za umeme. Nikodemo akaona hapo pana riziki. Akakodi ua wa nyuma wa gesti ya Mwanaheri, akaandika ukutani kwa chokaa: SHULE YA VIUNGO NA UJASIRI.

Nguo za wanafunzi wake nilishona mimi, kwa kitambaa cha marekani. Hata ule mkanda wake mweusi, aliodai alivishwa Dar mbele ya Wajapani, niliushona mimi kwenye cherehani hii hii, kwa mguu wa suruali ya mtumba. Nilimwambia kila aliyeniuliza na hata asiyeniuliza. Nani alisikia? Mtu akishaamua kudanganywa, ukimwambia ukweli anakuona una wivu.

Kilichonifanya nimfuate Nikodemo kwa macho ni Edson, mdogo wake marehemu mume wangu. Edson alikuwa mpakia mbao. Mbao mbichi za msonobari zilishuka kutoka Njombe, zikapangwa pale karibu na reli, naye na wenzake wakazipandisha kwenye malori tangu asubuhi hadi jioni. Alikuwa na mabega kama mlango. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mgumu kama hizo mbao zenyewe. Jioni akija kwangu kula alikaa kwenye kiti, hakuweza kukaa mkekani. Kuosha miguu alikuwa anainyanyua mmoja mmoja juu ya ndoo, kwa kuwa kuinama kulimshinda.

"Shemeji," aliniambia siku moja, "nina miaka thelathini, nafunga kamba za viatu kama mzee. Nataka kwenda kwa Mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Nikodemo."

"Huyo ni mlinzi wa ghala."

"Alikuwa," Edson akasema. Alikuwa mtu mpole, na mtu mpole humpa kila mtu cheo anachojipa.

Akaenda. Mazoezi yalikuwa alfajiri, maana Nikodemo alishikilia kwamba shujaa haogopi baridi. Sasa wewe ijue baridi ya Makambako mwezi wa sita. Upepo unatoka Uwanda wa Usangu hauna mti wa kuuzuia, majani yana umande mweupe kama chumvi, na hata mbwa hawabweki, wamejikunja tu. Hapo ndipo alipowavua viatu, akawakalisha chini kwenye ardhi ya ua, akawaambia wapanue miguu. Hapakuwa na kukimbia kidogo, wala kutembea, wala kurusha mikono ili damu ichangamke. Mtu alitoka kitandani akaingia kwenye msamba.

Bila shaka walitetemeka. Mapaja yalikuwa yakicheza kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Na kwa kutetemeka huko Nikodemo alikuwa na elimu yake maalumu.

"Huo ni uoga unatoka!" alikuwa anapiga kelele, akizunguka kati yao na fimbo ya mwanzi. "Uoga umekaa kwenye mishipa tangu mlipozaliwa. Mshipa ukitetemeka, uoga uko mlangoni. Ukilegeza, unarudi ndani. Usilegeze!"

Aliyetetemeka sana, Mwalimu alimsaidia. Msaada wake ulikuwa kumkalia mgongoni.

Mwanaheri alikuwa anawaona kutoka mlango wa jikoni kwake. Mwanaheri alikuja Makambako na mumewe mwenye malori, kutoka Tanga, na ulimi wake haukuwahi kupoa hata kwa baridi yetu. Aliwahi kumwambia: "Nikodemo, hawa watoto wa watu unawakunja kama chapati, na tanuri lenyewe hujawasha."

"Bibi mkubwa," Nikodemo akamjibu, "wewe pika chai. Haya ni mambo ya sayansi."

Sayansi! Mtu ambaye alishindwa kujua panya wanaingilia wapi ghalani.

Asubuhi mambo yalipoharibika nilikuwepo. Nilikuwa nimepeleka mashuka ya gesti niliyoyapinda, nikasimama jikoni na Mwanaheri kuota moto. Edson alikuwa amekaa uani, mguu mmoja mbele, anajaribu kushika vidole vya mguu. Alikuwa amebakiza kama shubiri mbili. Paja lake la kulia lilikuwa linatetemeka, na safari hii halikuwa la kuchezacheza, lilikuwa linaruka lenyewe. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mwalimu, linauma," akasema. "Hapa nyuma, linauma kama sindano."

"Uoga huo."

"Mwalimu, naomba nirudi kidogo."

"Ukirudi leo, utarudi maisha yako yote!" Nikodemo akasema, akaja nyuma yake, akaweka goti katikati ya mgongo wake, na mikono yote miwili mabegani, akamsukuma. Akaachia, akamsukuma tena kwa kishindo, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa.

Mimi ni fundi cherehani. Sauti ya kitambaa kikipasuka naijua hata nikiwa usingizini. Niliisikia kutoka jikoni.

Edson hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, akaanguka ubavu, akashika paja kwa nyuma. Wale wengine wakabaki wamepanua miguu yao, hawajui wainuke au wakae. Na Nikodemo, mbele ya macho yangu, akawageukia akasema: "Mmeona? Umetoka."

Nilimvamia na kijiti cha moto mkononi. Mwanaheri ndiye aliyenishika. Lakini naye, akiwa amenishika hivyo hivyo, alimtolea Nikodemo maneno ambayo siyaandiki, na mwisho akamwambia: "Toka kwenye ua wangu. Ukanifutie na chokaa yako ukutani."

Nikodemo hakufuta. Alisema mgonjwa asipelekwe hospitali, atamchua yeye kwa mafuta ya taa ya moto. Tukamwacha anaongea peke yake. Mume wa Mwanaheri alikuwa na lori linaloelekea Songea. Tukamlaza Edson kwenye godoro la gesti, tukaenda naye mpaka hospitali ya misheni karibu na Njombe. Njia nzima alishika mkono wangu. Alikuwa anauliza jambo moja tu: "Shemeji, nitabeba tena?" Kufika huko paja lilikuwa limevimba, na siku zilizofuata likawa jeusi kwa bluu kutoka kwenye tako hadi nyuma ya goti, kama mtu aliyepigwa na mti.

Daktari alisema msuli umechanika nyuma ya paja, haukukatika wote. Akae, apumzike, kisha atakwenda kwa Stella.

Stella Sanga alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa Mkinga wa Iwawa, mrefu, mikono mikubwa iliyozoea kuchimba viazi, na sauti ndogo isiyolingana na mwili. Alikuwa na chumba chenye mikeka, ngazi za mbao na baiskeli isiyokwenda popote. Edson alipoweza kukanyaga, alianza kumtembeza tu, kwenye veranda, huku na huku, mpaka apate joto. Baada ya hapo ndipo alimlaza mkekani, akamfungia taulo kwenye unyayo, akamwambia avute mguu mwenyewe.

Siku ya kwanza, taulo liliponyooka kidogo tu, paja likaanza kutetemeka. Edson akaliachia kama limemuunguza. Akaanza kulia. Mwanaume wa mabega yale, analia mbele ya mabibi vizee waliokuja kunyooshwa viuno.

"Uoga," akasema. "Unaona, Dada? Bado umo."

"Uoga gani?" Stella akauliza. Hakuwa anajua habari za Makambako.

Nikamweleza mimi. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini mkekani karibu na Edson.

"Kaka Edson, nisikilize. Msuli ukivutwa kupita ulivyozoea, unajikaza ili usichanike. Wewe unauvuta, wenyewe unajikaza, ndipo unatetemeka. Tena ukiwa umechoka au una baridi unatetemeka zaidi. Unakuambia umefika mpakani, basi. Ukitetemeka kidogo bila maumivu, usiogope, legeza kidogo, vuta pumzi, utulie hapo. Ukiuma kama sindano, hapo umeshapita mpaka, rudi. Mpaka wenyewe utasogea. Lakini usogee wenyewe, usisukumwe."

"Utasogea lini?"

"Polepole. Kila siku kidogo. Wewe si unajua mbao mbichi? Ukiikunja kwa nguvu inafanyaje?"

Edson akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Basi, huku Edson akivuta taulo lake, kule Makambako Nikodemo alikuwa anasimulia kwamba Edson alikuwa mbao kavu, mbishi, hakufuata maelekezo. Alikuwa amehamia uwanja wa nyuma ya soko, na wanafunzi walikuwa wamepungua. Kwa hiyo akaamua kuwaonyesha watu. Sherehe za Sabasaba zilikuwa zinakuja, uwanjani kungekuwa na ngoma, kwaya na mbio za magunia. Akaomba nafasi. Akatangaza kwamba atakaa msamba hewani, kisigino kimoja juu ya kreti la soda huku, kingine juu ya kreti kule, na katikati pasiwe na kitu.

Siku hiyo nilikuwa nimerudi kuchukua nguo za Edson, kwa hiyo niliona. Mgeni rasmi alichelewa, kama wageni rasmi wote. Nikodemo alisimama upande wa jukwaa tangu asubuhi, amevaa marekani nyembamba, miguu mitupu, kwa sababu shujaa haogopi baridi. Ikaja kwaya. Ikaja hotuba. Ikaja hotuba ya kumshukuru aliyetoa hotuba. Upepo ulikuwa unang'oa bendera za karatasi. Nilimwona midomo yake imekuwa ya kijivu, lakini kujinyoosha hata kidogo hakujinyoosha, asije akaonekana anajiandaa.

Hatimaye akaitwa. Akainama kwa mgeni rasmi jinsi Wachina wanavyoinama kwenye video. Wanafunzi wawili wakapanga makreti. Akapandisha kisigino cha kwanza, akashikwa mabega, akapandisha cha pili, akasema, "Niachieni."

Wakamwachia. Kwa kweli alikaa. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi alikaa, na watu wakaanza kupiga makofi. Halafu mguu wa kushoto ukaanza. Ulianzia gotini, ukapanda pajani, kisha mwili mzima ukawa unatetemeka mpaka chupa ndani ya kreti zikawa zinalia.

Mtu mmoja kutoka nyuma ya umati, sijui nani, Mungu ambariki, akapaza sauti: "Uoga unatoka!"

Uwanja mzima ukalipuka. "Uoga unatoka! Usilegeze, Mwalimu! Usilegeze!"

Angeweza kuomba ashikwe. Wanafunzi wake walikuwa hatua moja tu kutoka kwake, na mmoja alishanyoosha mkono. Nikodemo akatikisa kichwa. Akakaza meno, akajishindilia chini. Kreti likateleza, yeye akaenda chini mzima mzima, na safari hii hakukuwa na mdomo kufunguka kimya kimya. Alipiga ukelele uliofika stesheni.

Nilicheka. Wote tulicheka, hata mgeni rasmi alificha uso kwa programu. Baadaye alipobebwa juu ya mlango uliong'olewa bandani, miguu ikining'inia, tuliacha kucheka, lakini si kwa haraka.

Hospitali ya karibu yenye mtu wa kazi hiyo ilikuwa ni ile ile. Wakamlaza wodi moja na Edson, vitanda vitatu kutoka kwake. Siku aliyoingia alijifunika blanketi mpaka kichwani. Edson ndiye aliyemsogelea, kwa mkongojo.

"Kamwene, Mwalimu," akamsalimia.

Blanketi likavutwa juu zaidi. Kisha sauti: "Mimi nimeumia ajalini."

Hata hapo hakuacha. Kwa Stella alikwenda kama mkaguzi. Taulo alisema ni la wanawake waliojifungua. Kutembea veranda kabla ya kujinyoosha alisema ni kupoteza muda. Stella hakubishana naye, alimwambia tu, "Sawa, Mwalimu. Vuta kidogo, ukihisi kuvutika, simama hapo." Naye alivuta mara mbili ya alivyoambiwa, kwa sababu alikuwa anamtazama Edson. Edson wakati huo alikuwa anagusa kifundo cha mguu. Edson, mbao kavu.

Asubuhi moja Stella alikuwa kanisani. Nikodemo akatoka peke yake verandani, akaweka kisigino juu ya ukuta mfupi wa maua, akaanza kujishindilia, kwa kishindo, kama alivyokuwa akiwafanyia wenzake. Nilikuwa nafua uani. Mguu ukaanza kutetemeka, akazidisha. Msuli ukachanika tena. Akaanguka kwenye maua, akamwita mama yake kwa Kibena, mama ambaye yeye hakumpelekea hata kibaba cha unga tangu aitwe Mwalimu.

Edson akafika kabla ya manesi. Akaketi chini kwenye saruji, akaweka kichwa cha Nikodemo kwenye paja lake zima.

"Usiukaze," akamwambia. "Kaka, vuta pumzi. Unatetemeka kwa sababu unajilinda, uache ujilinde. Toa pumzi. Polepole. Tena."

Akamhesabia pumzi mpaka mtetemeko ukaisha. Tangu siku hiyo, kila jioni, Edson ndiye aliyekuwa anamtembeza verandani na kumfungia taulo. Alimrudishia maneno yote ya Stella, moja baada ya jingine, naye Nikodemo akayameza. Nilingoja aseme samahani. Niliingoja hadi Edson aliporuhusiwa, hadi tulipofunga mizigo. Nikodemo alimwambia Edson: "Ukifika Makambako, waambie naendelea vizuri."

Kupakia mbao Edson hakurudi. Daktari alimkataza. Ilimuuma sana, mwaka ule alikuwa anakaa karibu na reli jioni akitazama wenzake wakipandisha mbao. Lakini aliendelea na mazoezi, kila siku, akitembea kwanza hadi kwenye mataa ya njia panda na kurudi, kisha anajinyoosha sakafuni kwangu, akitulia panapotetemeka. Kuna jioni aliosha miguu yake akiwa amechuchumaa, akaniita nije nione. Baadaye mume wa Mwanaheri akamfundisha lori, na sasa anapeleka mahindi Ludewa kwenye zile kona, na hakuna dereva anayeshuka kwenye lori kwa wepesi kama yeye.

Na Nikodemo? Alirudi anachechemea kidogo, akakaa kimya msimu mmoja. Kisha akafungua tena. Anafundisha kujinyoosha. Anawatembeza watu kwanza mpaka wapate joto, hawakalii migongo, hawapigi kelele. Mtu akitetemeka, anamwambia alegeze na kuvuta pumzi. Madereva wenye viuno vibovu wanakwenda, mama wa sokoni wanakwenda, hata Mwanaheri anakwenda, na wanapona, nasema wanapona, siwezi kusema uongo kwa sababu ya chuki. Lakini ukimuuliza elimu hii kaipata wapi, anakujibu kwamba ameigundua mwenyewe, baada ya utafiti wa muda mrefu. Neno "Stella" halijui. Jina la Edson akilisikia anasema, "Ah, yule kijana, alikuwa mwanafunzi wangu."

Juzi Edson alisimamisha lori mbele ya kibaraza changu, akashuka kunipa viazi. Upande wa pili wa barabara Nikodemo alikuwa anawatembeza watu wake. Edson akampungia mkono.

"Unampungia?" nikamuuliza.

"Shemeji, siku hizi anafundisha sawasawa."

"Anafundisha maneno yako."

"Si yangu, ni ya Dada Stella. Waache wanyooke."

"Hata samahani hajakuambia."

Edson akacheka, akapanda lori. "Angeniambia ningeifanyia nini?" akasema, akapiga honi. Nikodemo akainua mkono kwa heshima kubwa, kama mtu anayepokea saluti, na nikaona baadhi ya wale watu wake wakimgeukia kwa mshangao, wanamheshimu zaidi kwa kusalimiwa na dereva.

Nilichukua viazi vyangu nikaingia ndani.